Mkono wa Kushoto wa Mama

Mama alipofariki alituachia jembe, kuku wengi kuliko nyota, na bunda la kamba ya katani ambalo hakuwahi kulimaliza. Kuku waligawanywa. Bunda nililichukua mimi, maana nilishaamua kumtengeneza Mama mzima kwa katani: amekaa, miguu kainyoosha, anasokota kamba juu ya paja kama alivyofanya kila jioni uani kwetu, hapa Mtinko.

Msinicheke. Nimemaliza shule ya jioni nikiwa na mvi, katika darasa lililosinzia mpaka mwalimu naye akasinzia. Mtu wa namna hiyo haogopi sanamu. Katani niliyoleta ingefunga ng'ombe wote wa Mkalama ikabaki ya kuanikia nguo. Nilifunga mafungu ya kiwiliwili, nikayazungushia kamba, nikashona kwa sindano ya magunia. Mgongo ulitoka sawasawa hata jirani akamwamkia kutoka dirishani, kisha akakumbuka tulimzika, akatimua mbio.

Shida ilikuja kwenye mikono. Mama alikuwa mashoto. Mbele za watu alikula kwa kulia na kupokea kwa kulia, adabu tupu. Kamba tu ndiyo alisokota kwa kushoto. Dada yake mkubwa alinikuta nikiushona mkono huo pajani.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Mbona umemfanyisha kazi kwa kushoto?"

"Si ndivyo alivyokuwa?"

"Watu watakuja hapa siku ya arobaini yake. Unataka waseme mdogo wangu hakufundwa? Hamishia kulia."

Nikahamisha. Nani abishane naye? Hata upepo wa Singida humpisha njia.

Kamba ya Mama, ile aliyoiacha bila kuimaliza, ilikuwa fupi, haikufika kwenye kiganja kipya. Nikachanganya nyuzi zangu na ncha ya kamba yake, nikasokota kwa kulia kama ninavyojua. Kila nilipokaza yangu, yake ilifunguka. Msokoto wake ulikwenda upande mwingine. Nilipoangalia vizuri, kipande cha urefu wa mkono kilikuwa kimerudi kuwa nyuzi tupu, zimelala kama nywele. Kazi yake ya mwisho, na mimi ndiye ninayeifumua. Hapo utani uliniishia.

Mama mkubwa aliporudi kesho yake nilimwonyesha. Alizishika zile nyuzi. Kisha akakaa chini.

"Tulipokuwa wadogo nilimfunga ule mkono kwa kitambaa, auache. Bibi yako ndiye aliyenituma. Yeye analia, mimi nakaza."

"Baadaye mliwahi kulizungumza?"

"Tungelizungumza saa ngapi? Tukazeeka." Akanirudishia kamba. "Mwache na wa kulia, mwanangu. Nikiuona ule mwingine nitamsikia analia."

"Na huu wa kulia, mama mkubwa, ni wa nani?"

Alijifunga khanga yake akaondoka, na chai nilikuwa nimeshaiweka.

Nikakata mshono. Nikaurudisha mkono wa kushoto pajani, nikaiweka ile kamba kiganjani, fupi hivyo hivyo, na ncha yake iliyofumuka. Nilijichoma sindano mpaka katani ikaingia damu.

Siku ya arobaini watu walijaa, Singida nzima ilihamia uani kwetu. Walikula, wakaitazama sanamu, wengine wakaisifia, wengine wakaiogopa. Mama mkubwa alifika kabla ya wote. Alivuta mkeka wake upande wa kulia wa sanamu, mahali ambapo ule mkono wa kushoto hauonekani, akakaa hapo mpaka mgeni wa mwisho alipoaga.