Mkungu wa Kununua

Baba mkwe wangu alikuwa na kibanja cha migomba alichorithi kwa baba yake huko Kanazi, na bado alinunua mkungu wa ndizi sokoni. Aliufunga kwenye baiskeli, akaufunika kwa majani makavu, akapita njia ya nyuma. Mtu wa nchi ya mahindi huenda asione ajabu. Kwetu wakati ule, ndizi zilinunuliwa na makarani na askari wa mjini. Mwenye kibanja alikata zake.

Jirani yetu alikuwa akitengeneza uzio. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nikichungulia.

“Waitu,” jirani alimwita kwa heshima ya kwetu, “umetoka kukata majani?”

“Ndiyo.”

“Majani mazuri. Yanadondosha utomvu.”

Baba mkwe aliangalia gurudumu la nyuma, akaendelea kusukuma.

Nieleze ilivyofika hapo. Niliolewa katika nyumba ile nikitokea Kashozi, enzi za Waingereza, miaka ambayo bei ya kahawa ilipanda msimu hadi msimu. Mume wangu alikuwa na kazi Muleba na alikuja mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi nilikuwa na wakwe zangu wawili tu. Kibanja chao kilikuwa kama vya wengine: migomba juu, kahawa chini yake, maharage chini ya vyote.

Bwana shamba alipita akasema migomba imebanana, ipunguzwe kidogo ili kahawa ipate mwanga. Baba mkwe alikaa na neno hilo siku kadhaa. Nadhani hesabu yake ilikuwa kwamba, kama kupunguza kidogo kuna faida, kuondoa yote kuna faida zaidi.

“Nitaing'oa yote,” alisema wakati wa chakula. “Kahawa ndiyo inayoleta bati.”

“Na tutakula nini?” mama mkwe aliuliza.

“Nitanunua.”

“Wewe? Ununue ndizi?” Alicheka mpaka akaweka kisu chini. Alipomaliza kucheka alisema, “Ng'oa ya kushoto. Kulia kwa njia usiguse.”

Njia hiyo ilitoka barabarani hadi mlangoni na kukigawa kibanja karibu nusu kwa nusu. Baba mkwe aling'oa upande wa kushoto wote. Mavuno yaliyofuata, matawi ya kahawa yake yaliinama kwa uzito. Tukapata bati, akapata baiskeli. Kwa msimu mzima yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na naandika hivyo kwa sababu baadaye watu walisimulia kana kwamba alikosea tangu siku ya kwanza.

Kikaja kiangazi kirefu. Upande wa kulia, chini ya majani ya migomba yaliyooza, udongo ulikuwa na unyevu. Upande wa kushoto nilijaribu kuchomeka kidole, hakikuingia. Majani ya kahawa yalining'inia. Asubuhi mimi na mama mkwe tulienda rweya, ile mbuga ya nyasi nje ya kijiji, kukata majani ya kufunika udongo ambao zamani migomba iliufunika yenyewe.

Ndizi za upande mmoja hazikututosha. Mama mkwe akaanza kupika viazi vitamu. Baba mkwe alikula vyote, akanawa, akasema, “Leo sijala.”

“Kahawa ipo,” mama mkwe alimjibu. “Tafuna.”

Kwetu buni iliyochemshwa na kukaushwa hupewa mgeni atafune, chache kiganjani, na hakuna aliyewahi kushiba kwa hizo. Hata baba mkwe alicheka. Lakini wiki hiyohiyo ndiyo aliyokwenda sokoni.

Mama mkwe aliupokea mkungu ule kama wa shambani, akazimenya ndizi, akapika. Hakutaja soko. Baba mkwe alipomaliza kula ndipo mama mkwe alipozungumza.

“Kesho nitakutolea miche kumi upande wangu.”

“Bei ya kahawa haijashuka.”

“Sijasema imeshuka.”

“Nikirudisha migomba, nimerudisha kivuli.”

“Na bei ikishuka, tata,” mama mkwe alisema, yaani baba, “utanunua ndizi kwa fedha gani?”

Baba mkwe aliomba maji ya kunywa.

Kesho yake mama mkwe alichimba miche kumi, mimi nikaibeba. Tuliiegemeza ukutani upande wa kushoto, mizizi tumeifunika kwa majani mabichi. Baba mkwe alipita, akaisimamisha miwili iliyoanguka, kisha akaenda uani kugeuza kahawa iliyoanikwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Jioni hiyo nilipokwenda kuingiza kuni, miche ilikuwa bado kumi ukutani, mmoja umeanza kutoa jani. Jembe la baba mkwe lilikuwa mahali pake nyuma ya mlango, kavu.