Niliandika lugha ya sheria za kambi, ikamfuta Riziki na wadogo zake

Wakuu, heshima kwenu nyote. Mimi ni mtu wa Mapendo, Goma, na haya ninayoyaleta hayana chumvi. Yalinitokea mwenyewe.

Kazi yangu ni code. Kipindi kile waliokimbia vita walikuwa wamejaa upande wa Lac Vert, na kambi moja ikanipa kazi ya program ya kuandikisha familia. Nikachukua framework ninayoijua, yaani kiunzi cha program kilicho tayari, nikatengeneza class Familia, kiolezo cha kuiambia mashine familia ni nini, mambo yakaenda.

Shida ni kwamba sheria za mgao zilibadilika kila wiki. Leo wajawazito kwanza, kesho wazee. Kila mara nafungua code upya.

Nikachoka. Nikaipanua ile framework, nikaipa syntax yangu mwenyewe, yaani maneno na kanuni za kuandikia sheria. Mtu anaandika kwenye faili ya kawaida: "familia yenye mjamzito ipate unga mara mbili." Framework inageuza maneno hayo kuwa objects, vitu ambavyo program inaweza kuvifanyia kazi. Wewe unatangaza unachotaka, namna ya kukifanya unaiachia mashine.

Nilijiona fundi kweli kweli, nisiwadanganye.

Mama Kavira, mwandikishaji wa kambi, mwalimu kutoka Butembo, aliielewa asubuhi moja tu. Akawa anaandika sheria mwenyewe, mimi nakunywa chai.

Siku ya mgao akaniita. Pembeni yake alisimama Riziki, msichana wa miaka kumi na minne, na ndoo tupu. Wazazi wake walipotea njiani wakati wa kukimbia. Yeye na wadogo zake wanne hawakuwemo kwenye orodha, na Mama Kavira alikuwa amewaandikisha kwa mkono wake.

"Mashini yako imebafuta, papa," akaniambia.

Nikatafuta. Sheria zake hazikuwa na kosa. Ndani kabisa ya class Familia nilikuwa nimeandika kwamba kila familia lazima iwe na mtu mzima. Isiyo naye inaondolewa, kimya kimya. Sikuliweka hilo kwenye syntax kwa sababu niliona liko wazi. Nani angelibishia?

"Mama, program haioni mkubwa hapo," nikasema.

"Mwenye anapikaka njo mukubwa. Huyu mutoto anapikiaka wadogo yake kila siku. Andika ivyo." Yaani kwake, anayepika ndiye mkubwa wa familia.

Niliona aibu, wakuu. Nikakaa palepale kwenye benchi, nikaling'oa lile sharti, nikaongeza neno moja kwenye syntax: mpishi. Mama Kavira akaandika mstari wake: "familia ni mpishi na wanaokula kwenye chungu chake."

Riziki akatokea kwenye orodha, jina lake juu, wadogo chini yake. Akaondoka na unga.

Miezi ikapita, vita vikafika hadi kwetu. Mimi na mke wangu tukakimbia na godoro moja. Kambini tulikofikia, dada mwandikishaji akafungua tablet. Nikaitambua program yangu.

"Kwenu mwenye anapikaka ni nani?"

Mke wangu akanyoosha mkono. Mimi nikaandikwa chini yake.

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka.

Nilichojifunza: lile unaloliona liko wazi, litoe nje ya class, liweke mahali ambapo mwenye kulijua zaidi anaweza kulibadilisha.

Na ninyi mnaotengeneza syntax zenu, mlificha nini ndani mkidhani hakuna wa kukibishia? Semeni, nasoma zote. Nasubiri chakula, mkubwa wangu bado anapika.