Usukani Mrefu wa Mjomba Eliya

Mwaka 1996, nikiwa na miaka kumi na mbili, vita vilitutoa Uvira, Kongo, na taabu ikatupokea Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda, kama mwenyeji aliyetungoja siku nyingi. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Lakini ninyi mliotafuna yale mahindi ya msaada yaliyokataa kuiva, mliocheza mpira wa majani makavu ya migomba mpaka magoti yakawa ya kijivu, mtanielewa bila kamusi.

Enzi zile wanaume waliotoka ziwa Tanganyika walikuwa na ugonjwa mmoja: kulidharau ziwa la Nakivale. "Hii ni ziwa ama ni supu?" Mjomba Eliya, mdogo wake mama, aliuliza hivyo kila asubuhi. Alikuwa na mtumbwi wa tanga, mkongwe kuliko yeye, alioachiwa na jirani aliyerudi kwao. Tanga lilikuwa shitingi, lile turubai la kuezekea, limeshonwa kwa uzi wa gunia. Ubaya ulikuwa usukani. Kibao kidogo kama mwiko wa bugali! Ukiuvuta, mtumbwi unafikiri kwanza, halafu unakwenda unakotaka wenyewe, yaani kwenye mafunjo, kwa viboko. Wale viboko walitujua kwa sura.

Tungevumilia, ila Mjomba alimpenda Rusia wa ng'ambo ya ziwa. Alipokwenda kuposa, baba wa binti, Muzee Yakobo, mvuvi mwenye mdomo kama wembe, akamjibu mbele ya pasta:

"Mwanaume anashindwa kupeleka mutumbwi yake fasi anataka, atapeleka binti yangu fasi gani? Ukuje Jumamosi na tanga mpaka mbele ya nyumba yangu. Ukiingia mu mafunjo, basi oa kiboko."

Mjomba akaapa kutengeneza usukani wa kweli, kama wa kwao, wa maji marefu. Mbao ya kutosha mtaani kwetu ilikuwa moja tu. Mama alirudi kutoka shambani akakuta mbuzi wa jirani amelala kitandani mwake.

"Eliya! Mulango yangu iko wapi?"

"Iko mu kazi ya bwana harusi, yaya, dada yangu. Nikioa nitakutengenezea ingine."

"Na usipooa?"

"Nisipooa nitasimama pale mulangoni miye mwenyewe, nikufukuzie mbuzi."

Usukani ulikuwa mrefu kuliko mimi, umetundikwa kwa bawaba zilezile za mlango. Ukingoni ulikataa kushuka, ulikuwa unagonga tope. Je, Mjomba alijiuliza kwa nini? Thubutu! Alisema mti mzuri hauzoei haraka maji mabaya. Tukausukuma mtumbwi mpaka katikati ya ziwa, ndipo akautia.

Ndugu zangu, tulikwenda! Mimi na kikombe changu cha kuchotea maji mbele, yeye nyuma amesimama wima kama gavana. Akivuta kulia, kulia. Akivuta kushoto, kushoto. Viboko walituangalia, wakatupisha. Ng'ambo kwaya ilikuwa imejipanga, vitenge vimenyooshwa pasi, ngoma inalia, Rusia amefunika uso kwa mikono lakini vidole ameviachia nafasi. Mjomba akazidisha maringo, akaingia ukingoni kwa kasi yote.

Mtumbwi ukasimama ghafla. Usukani ulikuwa umezama kwenye tope kama jembe. Mjomba hakusimama. Aliruka juu ya kichwa changu na suti yake ya kuazima, akaanguka majini, akaanza kuogelea kwa nguvu zote.

"Nakufa! Batu ya Mungu, nakufa!"

Maji yalikuwa ya magoti. Muzee Yakobo akaingia na viatu vyake, amechoka na ile aibu, akamshika kola.

"Simama, mukwe. Simama tu."

Mukwe! Mbele ya pasta, mbele ya kwaya nzima! Kwetu mzee akishakuita mkwe mbele ya watu, neno hilo halirudi tena mdomoni. Wamama wakapiga vigelegele hata kabla mzee mwenyewe hajasikia alichosema. Rusia akatoa mikono usoni, akacheka mpaka akakaa chini. Wakaoana kabla ya mavuno.

Leo vijana wa Mbarara wanapanda boda na simu inayowaambia "geuka kushoto", na bado wanapotea Nyamitanga palepale mbele ya kanisa. Uchumba wanautuma kwa kidole gumba, wakiwa wamelala. Hawalowi. Nawasikitikia, maana hawatakuwa na la kuchekwa nalo uzeeni.

Mimi, kwa jasho langu, leo nina duka la vitenge mjini, nyumba ya matofali, ng'ombe wawili Ngarama, cherehani moja. Mume ninaye. Alinikuta dukani akanunua kitambaa cha shati, akarudi kesho yake na neno la ndoa. Ni mtu mzuri, lakini kwa ajili yangu hakuvuka hata mfereji.