Sikio la Mwalimu Dismas

Ukifika Nachingwea ukauliza nyumba ya Mwalimu Dismas, watu watakuangalia tu. Uliza kwa Dorami, hata mwendesha bodaboda aliyehamia juzi atakupeleka. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana kila kipindi chake kilianza na do-re-mi, awe anafundisha muziki, awe anafundisha Kiswahili, au amepewa tu zamu ya kusimamia usafi. Watoto wa watu hawana dogo. Yeye hakukasirika, aliona bora hilo kuliko majina waliyopewa wenzake, ambayo mengine siwezi kuyataja hapa.

Alitoka Mbinga akiwa kijana, ana shahada mpya ya elimu na muziki, kwa mpango wa kufundisha miaka michache kisha aende kusomea shahada ya pili. Ya muziki, si ya kitu kingine. Ndoto hiyo alikuja nayo na ndiyo aliyokuwa bado nayo mwaka huu, kichwa kimejaa mvi na kustaafu kunabisha hodi.

Msidhani alikuwa mvivu. Nafasi ilipatikana zamani, lakini mkuu wa shule akasema walimu wa muziki ni wawili tu na hawezi kuwaachia wote, waelewane wenyewe nani aende. Mwenzake aliitwa Kaimu, kijana wa Chunyu, huko Ruangwa, mwepesi wa kichwa na mwepesi wa vidole kwenye kinanda. Dismas akamwambia, "Nenda wewe, mdogo wangu. Ukirudi nitakwenda mimi." Kaimu akaenda, na hakurudi. Chuo kilimng'ang'ania, akasoma hadi udaktari, na mimi simlaumu, nani arudi kupigia kinanda ambacho nusu ya vitufe vimekufa? Lakini zamu ya Dismas ikawa haiji. Mara ada za watoto, mara hakuna wa kushika vipindi vyake, mara amekuja mkuu mpya asiyeona muziki unamfaulisha nani.

Ushauri sasa, ushauri alipewa wa bure mpaka akachoka. Afisa mmoja wa elimu alimwambia asomee uongozi wa elimu, apande cheo. Binti yake Eva, anayefanya kazi redioni Dodoma, alimwambia asomee utangazaji, akistaafu hatakosa kipindi. Shemeji yake akasema kama ni lazima iwe sanaa, basi achukue sanaa za maonyesho, angalau mashirika yatamlipa kuandika michezo ya kuigiza kuhusu vyoo bora. Dismas aliwasikiliza kwa adabu, akawanywesha chai, na walipoondoka akarudi kwenye karatasi zake za nota. Alitaka kuandika kitabu cha nyimbo za watoto wa kusini, za Kimwera, za Kimakonde, za Kiyao, na zake mwenyewe alizowatungia, zote kwa sauti nne, ili mwalimu yeyote aweze kuzifundisha. Na alitaka, hata mara moja maishani, kukaa darasani na watu ambao hana haja ya kuwaeleza kwamba muziki ni kazi.

Basi bwana, mwaka juzi sikio likaanza. Walioondoka kwanza ni ndege wa asubuhi. Yalikuwa majira ya kupulizia salfa mikorosho, akadhani dawa imewafukuza, hata akalalamika kwa majirani kwamba mwaka huu mmezidisha. Majirani wakatazamana, maana ndege walikuwa wanapiga kelele juu ya vichwa vyao. Kisha sauti za wasichana wa kwaya zikawa zinamfikia kama zimefunikwa blanketi. Akawagombeza kwamba wanaimba kivivu, na masikini watoto wakapaza mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Siku alipobonyeza kinanda, re na mi zikamjia na sauti ileile moja, alifunga mlango wa darasa akakaa humo peke yake mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Daktari wa masikio hakumzungusha. Neva zinakufa, alisema, na hazina dawa. Kifaa cha kuweka sikioni kingemsaidia kidogo kwenye maneno ya watu, lakini muziki asitegemee. Dismas alishukuru, akarudi nyumbani, akamwambia mkewe Laurencia kwamba ameambiwa ni nta.

Alidhani amemficha. Mwanamke gani anafichwa jambo kama hilo? Laurencia alikwishahamisha kiti chake cha kulia chakula, akawa anakaa upande wa kulia ambako sikio lilikuwa na uhai kidogo, na akiingia chumbani alipita kwanza mbele ya dirisha, kivuli chake kimwonyeshe mumewe kwamba anakuja. Alingoja aambiwe, na kungoja huko kulimuuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Katika hali hiyo ndipo chuo kikamjibu. Maombi yake ya shahada ya uzamili ya muziki yamepita hatua ya kwanza, sasa atafanyiwa usaili kwa mtandao, na usaili utakuwa na jaribio la kusikia. Watapiga nota chache, naye atazirudisha kwa kuimba. Mwenyekiti wa jopo ni Daktari Kaimu. Dismas alisoma ujumbe ule kwenye simu, akausoma tena.

Alijua kabisa kwamba akikosa mwaka huu amekosa kabisa. Hakuna mwajiri atakayempa mzee ruhusa ya masomo ili arudi aage. Akapiga moyo konde, akapanda gari hadi Ruangwa, kwa Mwamina.

Mwamina ni mtoto wa wakulima wa ufuta wa Malolo, aliwahi kuwa mwanafunzi wake, na sasa ni mwalimu wa shule ya msingi pale Ruangwa mjini. Sikio lake lilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuyafundisha. Alimkuta anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona hukuniambia unakuja?"

"Marahaba. Mwamina mwanangu, nimekuja kukuazima masikio."

Mwamina akacheka. Akamtazama, akaona mwenzake hacheki, akaweka kalamu chini. Dismas akamweleza yote, na ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka mbele ya mtu. Kisha akamweleza alichotaka. Wafanye usaili humo humo darasani kwake, siku ya Jumamosi. Kompyuta iwe mezani, Mwamina akae nyuma ya hiyo kompyuta, asionekane. Kila nota itakayopigwa aionyeshe kwa mkono, kwa zile ishara alizowafundisha wakiwa wadogo: ngumi ni do, kiganja kinachopanda ni re, kiganja kilicholala ni mi, mpaka mwisho wa ngazi. Do yenyewe ya kinanda haikumpotea, koo lake lilikuwa bado linajua ilipo. Maneno ya jopo angeyasoma midomoni, na swali likimpita, Mwamina aliandike ubaoni.

"Mwalimu, huo si wizi?"

"Ni wizi. Nimetafuta njia nyingine nimekosa."

"Na ukishaingia huko chuoni utafanyaje? Nitakuja kukaa na wewe darasani?"

"Nikishaingia nitaandika. Kichwani bado nasikia kila kitu, Mwamina. Ni huku nje tu ndiko kumenyamaza."

Mwamina alikuwa binti wa swala tano, mambo ya udanganyifu hayakumkaa. Lakini huyu ndiye aliyekwenda Malolo kumbembeleza baba yake amwache aendelee na shule, wakati baba alishasema amekua, imetosha. Alivuta ushungi wake, akafuta machozi, akasema Jumamosi atakuwa na ufunguo wa darasa.

Jumamosi ilipofika, Dismas alivaa suti aliyofungia ndoa. Akakaa kwenye dawati la watoto, magoti yamemfika kifuani. Kwenye kioo akatokea Kaimu, amenenepa, ana miwani, na pembeni yake mama mmoja mhadhiri na kijana wa kinanda.

"Kaka Dismas," Kaimu alisema, na midomo yake ilisomeka vizuri. "Shikamoo, kaka yangu. Nimeona aibu kukaa upande huu wa meza."

"Marahaba, daktari. Kaa tu, ndiyo kazi."

Maswali yalikwenda salama. Alieleza kitabu chake, akaeleza watoto wa Nandagala wanavyogawana sauti bila kufundishwa wakiimba mchezo wao wa kurukia kamba, na yule mama mhadhiri akawa anaandika mbiombio. Mara mbili picha ilikwama, midomo ikaganda, Dismas akawa kipofu na kiziwi kwa pamoja. Mara zote mbili Mwamina alikwishaandika swali ubaoni, na mwalimu akalisoma na kulijibu kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Likaja jaribio. Kijana akabonyeza kinanda. Kilichomfikia Dismas ni kitu kama mvua kwenye bati la jirani. Akainua macho. Ishara za mkono wa Mwamina zilikuwa safi: ngumi, kiganja kilicholala, kiganja kinachomtazama mwenyewe, yaani so, kisha kushuka tena. Akaimba. Kijana akatikisa kichwa kukubali, akapiga ngumu zaidi. Mkono ukapanda na kushuka, naye akaufuata kwa sauti iliyofundisha wilaya nzima kuimba. Yule mama akatabasamu.

Kijana alipotaka kupiga ya tatu, Kaimu akamshika mkono.

"Inatosha. Huyu mzee alikuwa anasikia uzi mmoja wa gitaa umelegea akiwa uwanjani anachezesha mpira. Kumpima sikio ni kumkosea adabu." Akageuka kwa wenzake, wakasemezana, wote wakaafiki. "Kaka, barua itafuata, lakini mimi nakupa mkono leo. Karibu chuoni. Nimekungoja sana, na najua ni mimi niliyekuchelewesha."

Nyuma ya kompyuta Mwamina alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Amepita. Baada ya miaka yote ile, amepita, na ilikuwa furaha ya kweli hata kama ilikuwa ya wizi.

"Usiondoke bado," Kaimu akasema. "Nina zawadi yako."

Akasogeza kamera. Ukumbini walikuwa wamesimama wanafunzi wengi, wavulana kwa wasichana, wamevaa sare. Kaimu akasema kitu huku amegeuka, midomo haikuonekana, na Mwamina akaandika haraka ubaoni: *Wataimba Ua la Mkorosho.*

Ua la Mkorosho ulikuwa wimbo wake. Aliutunga mwaka aliofika Nachingwea, alipoona mikorosho inachanua kwa mara ya kwanza, akauandika kwa sauti nne, na hakuwahi kupata watu wa kuuimba hivyo. Watoto waliweza sauti mbili tu. Sauti nne zote hakuwahi kuzisikia isipokuwa kichwani. Kumbe Kaimu aliondoka na nakala, akaitunza miaka yote hiyo.

Kaimu akainua mikono. Midomo ikafunguka.

Dismas alikaza macho, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Aliona vifua vikipanda. Aliona besi kwa nyuma wakiingia mahali pao, akajua wako ukurasa wa kwanza, mstari wa pili. Akamtazama Mwamina, lakini sauti ni nne na mikono ya mtu ni miwili, na hata hiyo Mwamina alikwishaishusha, amesimama analia kwa uzuri wa kile alichokuwa anakisikia. Mvua ya kwenye bati ikaendelea. Ukumbi mzima ulikuwa unamtazama mzee kwenye kioo chao, unangoja uso wake ufurahi.

Angeweza kutabasamu. Ingetosha kabisa, na angekwenda chuoni. Sijui wangapi kati yetu wasingetabasamu.

"Kaimu," akasema. "Kaimu, wanyamazishe."

Midomo ikafumba, mmoja mmoja. Kaimu akaja karibu na kamera, uso umejaa wasiwasi.

"Mtandao unakusumbua, kaka? Tuanze upya?"

"Mtandao ni mzuri. Ni mimi. Sisikii, mdogo wangu. Hata nota zile nilionyeshwa."

Kaimu alivua miwani. Akaongea polepole, akihakikisha kila neno linasomeka. Alisema atakuwa mwongo akimwambia jaribio lile bado linahesabika. Yule mama mhadhiri akadakia kwa upole kwamba nafasi za elimu bado zipo, au za sanaa za maonyesho, watu wenye uzoefu kama wake wanahitajika sana. Dismas aliwashukuru wote wawili. Akasema hapana, yeye alikuwa anataka muziki. Akawaaga vizuri, akamtaka Kaimu asimwadhibu mtu mwingine kwa kosa hili, na kioo kikazimika.

Mwamina alikuja akachuchumaa mbele ya dawati, ambapo angeweza kumsoma.

"Waliimbaje?" Dismas akauliza.

"Vizuri, mwalimu. Vizuri mno."

"Usinidanganye, leo tumedanganya vya kutosha. Pale sauti ya tatu inapomwacha mwenzake, walipafikia?"

"Walipafikia. Hawakukosea."

"Na besi? Hawakuburuza?"

Mwamina akafikiri kidogo. "Waliburuza, mwalimu. Kidogo tu, pale wanapoanza kushuka."

"Pale ni pagumu," akasema Dismas. "Nilijua watapaburuza. Ningekuwepo ningewarudisha." Akalaza kichwa juu ya dawati la mtoto wa watu, katika suti yake ya harusi, akalia kwa sauti kubwa ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.