Bomba letu limeibwa kwa jina nisiloweza kulitamka

Admin, jina langu lifiche kabisa. Utacheka ukimaliza kusoma, maana balaa langu lote limetokana na jina kufichwa.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na saba, mjane, naishi upande wa Ilemela, huku juu mlimani kwenye mawe. Ni Mjita niliyeolewa kwa Wasukuma. Nina hasira ya tangu miaka ya tisini, na leo naitapika hapa. Mnisamehe wadogo zangu.

Miaka ile viwanda vya Nyakato vilikuwa vinapunguza watu, na mume wangu akapunguzwa. Ikawa leo kibarua, kesho hakuna. Maji tulikuwa tunateremka kuchota ziwani, halafu kupanda tena na ndoo kichwani mpaka magoti yanalia. Ndipo manispaa ikatangaza ruzuku: mtaa utakaoonyesha nguvu za wananchi utasaidiwa tangi na bomba. Wanaume wakasema hizo porojo tu. Sisi wanawake tukaanza kupasua mawe. Unawasha moto wa matairi mabovu juu ya jiwe, likipata moto unalimwagia maji, linapasuka pwaa! Halafu nyundo, kokoto zinapatikana. Wenzangu walinichagua kiongozi, eti kwa sababu nina mdomo. Siku moja chembe ya jiwe ikanirukia jicho la kushoto. Halioni mpaka leo.

Eneo alilitoa baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Alitukuta tunabishana tangi likae wapi, akaegemea fimbo yake akasema, "Wekeni hapa ubavuni kwangu. Pawe pa mtaa. Maji yasiwe ya mtu mmoja." Tulimsikia wanawake wanne, wote tumeolewa ukoo uleule. Maji yenyewe hakuyanywa. Alifariki kabla manispaa hawajaja kukagua.

Siku ya ukaguzi kokoto zimejaa, vigelegele juu, nami mbele na kitenge changu kipya. Bwana wa manispaa akaniuliza, "Mama kiongozi, eneo hili limetolewa na nani?"

"Na baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Wanaotoka huku wanajua: mkamwana hatamki jina la baba mkwe, awe hai, awe kaburini. Ni kumvua nguo. Nikageukia wenzangu watatu, nao wanaangalia chini kwa sababu ileile. Yule bwana akacheka, "Mama, ofisini hatuandiki baba mkwe."

Hapo akajitokeza shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. "Msimsumbue, mkubwa, huyu ana heshima zake. Nitasema mimi." Nikashusha pumzi, nikamshukuru moyoni. Kumbe! Akataja jina lake mwenyewe. Mimi nikadhani anajitambulisha kwanza ndiyo amtaje baba yake. Walipokuja kupaka rangi kibanda cha bomba tukasoma ukutani kwa herufi kubwa: eneo limetolewa na ndugu fulani. Ndugu fulani ni yeye.

Nilipiga kelele, acheni. Mume wangu akanituliza, "Ni damu yangu, tutayamaliza nyumbani." Hayakumalizwa. Amekufa nayo. Shemeji akatia kufuli, akamkalisha mke wake pale kuuza maji, akisema serikali sasa imeruhusu kila mtu afanye biashara. Na mimi niliyeacha jicho langu kwenye yale mawe nikapanga foleni na kulipa kama wengine. Ukigombana naye, kwako anafunga. Nimefungiwa mara nyingi, nikarudi ziwani.

Sasa amezeeka anataka kumuuzia tajiri mmoja eneo hilo ajenge gesti. Mtaa umekataa. Watu wa manispaa wamesema watakuja Jumamosi kusikiliza, na aliyemsikia mtoaji kwa masikio yake asimame amtaje kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya mkutano. Wale wenzangu watatu wote wako makaburini. Nimebaki mimi.

Juzi shemeji alipita kwangu. Hakukaa. Akasema, "Shemeji, habari za jicho?" Jamani! Nikamwambia lipo, linakuona vizuri tu. Akatabasamu. "Jumamosi uje useme. Ila jina kamili, eh? Ofisini hawaandiki baba mkwe." Ameyakumbuka maneno yale miaka yote hiyo! Mtu huyo anaijua heshima yangu, ndiyo maana ananiibia nayo.

Mwanangu wa mwisho amerithi jina la babu yake. Tangu namnyonyesha namwita Baba. Siku ya kumwandikisha shule aliyemtaja kwa mwalimu ni jirani. Yeye ananiambia, "Mama, litamke tu, hayo mambo yamepitwa na wakati." Lakini wifi yangu mkubwa, dada wa marehemu mume wangu, ameshaniapia: "Ukimtaja baba yetu hadharani, usitegemee kuzikwa karibu na mumeo. Tutakurudisha kwenu." Na huyo akisema amesema.

Jana nilijifungia jikoni nikajaribu kulitamka taratibu, peke yangu. Silabi ya kwanza ikatoka, nikaishia kulia. Mwanangu akagonga mlango, "Mama, umeniita?"

Ndugu zangu, matusi siyahitaji, nayasikia ya kutosha hapa mtaani. Nishaurini tu. Jumamosi nisimame nimtaje mzee yule aliyetupenda, nikazikwe mbali na mume wangu? Au ninyamaze tena kama siku ile, halafu nichukue ndoo niteremke ziwani na jicho langu moja?