Siku Televisheni Ilipomwita Baba

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya niliyaona mimi mwenyewe, nyumbani kwetu Kiabakari, tena mchana kweupe, watu wameshashiba wali wa Jumapili. Sikuwa na homa, na pombe sijawahi kuionja. Mizimu ya watu wengine huja usiku na upepo. Ya kwetu ilikuja kwa waifai.

Baba yangu, Mzee Masatu, alikuwa dereva wa lori la pamba. Maisha yake aliyamalizia kwenye barabara ya Bunda na Musoma. Akifika kona ya kuingilia kwetu alikuwa anapiga honi, mbili fupi na moja ndefu. Maana yake mama aweke maji ya ugali jikoni. Hata simu zilipokuwa za kila mtu hakuwahi kupiga simu kusema anakuja. Ujanani mwao mama alikuwa anasafiri naye ndani ya lori, na baba hakuwa na maneno mengi ya kumbembeleza. Alikuwa anafungua mlango wa upande wa pili na kusema, "Panda, twende."

Alipofariki, kigoda chake kilipinduliwa miguu juu kikawekwa pembeni mwa sebule. Kwetu hakikaliwi mpaka siku ya kumkalisha mrithi. Siku hiyo shangazi anakigeuza, anamkalisha mtoto wa kiume mbele ya watu, anamwita kwa jina la marehemu, naye anaitika naam. Basi, hakuna kingine. Marehemu akisikia hivyo anajua nyumba ina mtu na mjane wake ana wa kumtunza, anapumzika. Asipomwona wa kueleweka, anakuja mwenyewe kuchukua kilicho chake. Hivyo ndivyo shangazi Nyabise alivyotufundisha, na mimi nilikuwa namsikiliza huku nimebetua midomo. Sisi ni watu wa kanisa bwana.

Sasa mrithi mwenyewe! Mdogo wangu Majura, mwanamume pekee wa nyumba ile. Kilikuwa kimebaki kipindi kifupi tu akalishwe, ndugu wa Butiama na wa Majita wote wameshaambiwa. Akarudi kutoka Mwanza, nikadhani amekuja kuandaa shughuli ya baba yake. Kumbe amekuja na kompyuta. Mtu ana ndevu, ana mke aliyemkimbia, halafu mzigo alioshuka nao kwenye basi ni kompyuta ya kuchezea gemu.

Akaifunga chumbani kwake, halafu akatangaza kwamba picha itatoka chumbani ipite hewani mpaka kwenye televisheni ya sebuleni. Alilieleza jambo hilo kwa kila aliyekuja kusalimia, hata muuza maziwa. Nami nikamuuliza, kwa nini usikae hukohuko chumbani ukacheza peke yako, aibu ikabaki ndani? Akasema mimi ni mtu wa kuuza dawa za pamba dukani, siwezi kuelewa ubunifu.

Ubunifu wenyewe ulikuwa huu. Watu wengine wakicheza gemu hushika pedi. Majura akasema pedi ni za watoto. Gemu lake lilikuwa la kuendesha lori, kwa hiyo akachukua kifuniko cha sufuria yangu kubwa, akabandika simu kwa nyuma, ukawa usukani. Ndizi mbivu ikachomekwa waya, ikawa breki. Ndizi mbichi ikawa mafuta. Nyanya ikawa honi. Unaigusa nyanya kwa kidole, lori linalia kwenye televisheni. Na watu wazima wanapiga makofi! Siku ya kwanza nilitoka dukani na njaa, nikala ile ndizi mbivu kabla sijaelezwa chochote. Alilalamika juma zima kwamba nimekula breki.

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini Jumapili ile niliingia sebuleni nikitoka kuosha vyombo, nikakuta kigoda cha baba kimegeuzwa, kimesimama kwa miguu yake mitatu mbele ya televisheni, na Majura anabandika simu nyingine chini yake kwa gundi ya karatasi. Eti ukiinama kushoto, dereva naye anachungulia kushoto.

"Majura," nikamwambia, "hicho ni kiti cha nani?"

"Si nitakirithi hata hivyo, dada? Mimi nakijaribu tu. Viti vyenu vyote virefu."

Shangazi Nyabise alikuwa kwenye kochi na chai yake, na pembeni yake wanajumuiya wawili, mume na mke, waliotusindikiza kutoka kanisani kwa sababu walisikia kuna chapati. Mama alikuwa jikoni. Macho ya mama yameisha nguvu, anaona vivuli tu, lakini masikio yake yanasikia hata jirani akinong'ona. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Toka hapo," akasema. "Hicho hakichezewagi."

Unafikiri alitoka? Alikaa. Televisheni ikamtaka aandike jina la dereva, na yeye, kwa kuwa ni mtu wa kuchekesha wageni, akaandika Masatu. Kompyuta ilikuwa imepangwa kusoma jina la dereva kwa sauti kabla ya safari kuanza. Ikalisoma kwa lafudhi ya Kizungu, kwa nguvu, nyumba nzima ikasikia.

"Masatu!"

"Naam!" akaitika Majura, akicheka.

Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Mtu amekaa kwenye kigoda, mbele ya mashahidi, ameitwa jina la marehemu, ameitika. Aliyemwita si shangazi, ni televisheni ya mkopo. Nilimwangalia shangazi, naye amemkazia macho Majura. "Umemwita," akasema taratibu. "Umemwita hujakalishwa. Sasa anakuja kuona ni nani, na akikuona wewe atachukua mke wake aondoke naye."

Majura akasema hizo ni imani potofu, akaondoa lori. Mpaka siku ile picha ilikuwa inachelewa kidogo kufika sebuleni. Unazungusha kifuniko sasa, lori linakata kona baadaye, na yeye kila mara anasema ni mtandao. Siku ile haikuchelewa. Ikaanza kutangulia. Niamini mimi, lori lilikuwa linakata kona kabla Majura hajageuza mkono. Likawa linapunguza mwendo hajagusa ndizi.

"Ni mtandao," akasema, huku anakagua waya wa ndizi.

Halafu barabara ikabadilika. Ilikuwa barabara ya Ulaya, ina mistari myeupe na miti iliyopangwa. Nikaona vumbi. Nikaona mashamba ya pamba ya Bunda yamepasuka meupe pande zote, ng'ombe wanavuka, na mchungaji anainua fimbo kumshukuru dereva kwa kuwasubiri. Ni nani huko Ulaya aliyetengeneza gemu lenye mchungaji wa Bunda? Majura akakurupuka kutoka kwenye kigoda, akasema anakwenda kuangalia kompyuta. Akaingia chumbani, nikasikia anapiga komeo kwa ndani. Huyo ndiye mrithi. Kumbuka komeo hilo, maana mimi sitalisahau.

Lori liliendelea kwenda bila mtu. Kisha mtu akawepo. Sikumwona akiingia na mlango haukufunguka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, ametupa mgongo, kavaa koti la kaki, nyuzi za pamba zimenasa kwenye nywele za kisogo. Harufu ya dizeli ikajaa sebuleni. Ule mkunjo wa shingo niliuangalia utoto wangu wote kila nilipobebwa kwenye lori nikikaa nyuma yake. Ukiniuliza nilijuaje ni baba nitakuona mjinga.

Wale wanajumuiya walianza sala ya kufukuza pepo. Walifika katikati wakakimbia, na sahani ya chapati hawakuiacha.

Baba akachukua kifuniko cha sufuria kwa mikono miwili, akakishika kama alivyokuwa anashika usukani, dole gumba nje. Akaendesha. Hakututazama. Pale kwenye televisheni ukapita mzani wa kupimia malori, zikapita nguzo za umeme, ikaja kona yetu. Akanyoosha kidole akagusa nyanya. Mbili fupi. Moja ndefu.

Jikoni nikasikia mfuniko wa ndoo ya maji. Mama alikuwa anaweka maji ya ugali.

Moyo wangu ulivunjika hapo, nakuambia wazi. Nilikuwa namdharau kila mtu nyumbani mle, lakini mama simdharau. Nilirudi kwetu baada ya ndoa kunishinda, na mama hakuniuliza swali hata moja, alinionyesha tu kitanda kilipo. Nilitaka kukimbia kumzuia, lakini baba alikuwa kati yangu na mlango wa jikoni. Mngurumo wa lori ulikuwa umeshatoka kwenye televisheni. Sasa ulikuwa nje, uwanjani kwetu, madirisha yanatetemeka.

Mama akatoka jikoni. Alikuwa amejitanda kanga yake nzuri, ile ya kwendea misiba na harusi, anatembea wima bila kupapasa ukuta. Baba akainuka kwenye kigoda, akampa mkono.

"Panda, twende," akasema.

"Umechelewa," mama akamjibu. Alikuwa anatabasamu! "Nimechoka kuwangojaga hawa wakue."

Wakaanza kwenda mlangoni. Shangazi akaugonga mlango wa chumbani kwa ngumi zote mbili. "Majura! Toka ukae nikuite vizuri! Akikaa mtu wa kweli atamwacha mama yako!" Na Majura, kutoka ndani, nawaapia, akajibu: "Shangazi, ngoja nizime kompyuta kwanza."

Kwetu mwanamke hakalii kigoda cha baba yake. Hata kukifuta vumbi anafuta akigeuza uso. Nilijua hivyo tangu sijaota meno. Lakini baba ameshashika kitasa, mama yuko mkononi mwake, na mwanamume wa nyumba amejifungia anatafuta kitufe. Nikaenda nikakaa. Simu iliyobandikwa chini ikakwaruza miguu yangu, na pale kwenye televisheni dereva akageuza kichwa kunitazama.

"Niite," nikamwambia shangazi.

"Mwanangu, wewe ni..."

"Niite!"

Shangazi alifumba macho. "Masatu," akaita, akilia.

"Naam."

Baba akasimama. Akageuka, akanitazama kwa mara ya kwanza, muda mrefu, kama anakagua. Nilitegemea anikemee. Nilitegemea hata baraka. Akaniambia maneno yaleyale aliyokuwa anamwambia dereva mwenzake wakati wa kukabidhiana gari kiwandani Bunda.

"Breki zinavuta kushoto. Usikimbize, una abiria."

Akauachia mkono wa mama. Mlango ulikuwa bado umefungwa, na baba hayupo. Mngurumo ukaenda ukipungua kuelekea barabarani. Mama alibaki amesimama na mkono hewani, akianza tena kupapasa ukuta. Ugali haukupikwa siku ile, maji yalichemka yakakauka.

Sasa mnataka kujua mwisho wake. Ndugu walipokuja kwa ajili ya shughuli, walikuta kigoda kimeshakaliwa. Wazee wa Butiama walinuna siku mbili, wakasema jambo hilo halijawahi kutokea, halafu shangazi akawaambia, haya, mwiteni marehemu mwenyewe mumuulize kama anamtaka Majura. Wakaomba chai yaishe. Sasa hivi hao hao wananiita Mzee Masatu, wananiletea ugomvi wao wa mipaka na mahari, nakaa nawasikiliza wanavyosema upuuzi, na nasuluhisha. Majura alirudi Mwanza. Nasikia anasimulia kwamba ilikuwa hitilafu ya mtandao.

Na mama? Mama alikaa muda mrefu bila kunisemesha. Aliposema, alisema neno moja nililostahili na nisilostahili. "Ulinishusha garini." Hajawahi kulirudia. Jioni ananipakulia kwenye sahani ya baba, kipande cha samaki chenye kichwa, kama alivyokuwa anampa yeye, nami nakula. Huwezi kujua kama ni heshima au ni adhabu, na mimi simuulizi.

Nyinyi mnaochomeka waya kwenye kila kitu mnachokikuta ndani, mnaotaka kuonekana mna akili, sina nguvu ya kuwakataza. Chomekeni ndizi, chomekeni mihogo. Lakini kabla hujakalia kiti uulize ni cha nani, na mashine ikiita jina la mtu aliyekufa, funga mdomo wako. Ukiitika, umeajiriwa.

Maana malori ya pamba bado yanapita Kiabakari, na siku nyingine jioni, kwenye kona yetu, inalia honi, mbili fupi na moja ndefu. Mama huinua kichwa, hushika kanga yake, hufungua mdomo aitike. Na mimi, popote nilipo, dukani, bafuni, katikati ya kikao cha wazee, hupiga kelele "Naam!" ili niwe wa kwanza.