Maji Yalikuwa Baridi

Mpatanishi wa shirika letu hapa barabara ya Tom Mboya ana sauti ya mtu anayeuliza njia, na vidole vinene vinavyotafuta miwani hata akiwa ameivaa. Kazi yake ni kuwasikilizanisha majirani kabla hawajafikishana kortini, na huifanya kwa kukosea. Ukimsimulia habari ya mbuzi, yeye huirudia ikiwa ya ng'ombe. Kofi kwake huwa panga.

Juzi walikuja wanawake wawili majirani wa mtaa wa Woodley, wakakaa wakipeana mgongo. Moshi wa takataka alizochoma Wanjira ulikuwa umeharibu nguo za harusi za binti wa Nurjahan, naye Nurjahan akammwagia Wanjira maji kupitia juu ya ua. Wanjira akapiga ripoti polisi, na kesi ilikuwa Alhamisi.

“Kwa hivyo, mama, huyu alikumwagia maji ya moto,” mpatanishi akasema.

“Baridi,” Wanjira akamjibu.

“Yaliyochemka.”

“Nimesema baridi. Nurjahan hawezi kuchoma mtu.”

“Nawe ukaziteketeza nguo za harusi.”

“Hapana teketeza,” Nurjahan akadakia. “Moshi tu. Upepo ligeuka, Wanjira hapana jua.”

Mpatanishi akainamia meza kuficha mdomo wake. “Vizuri. Alhamisi nitafika kortini, nimwelezee hakimu yote.”

Wakatazamana kwa mara ya kwanza.

“Dada, twende stesheni tufute hii maneno leo,” Wanjira akanong'ona, “kabla huyu mzee hajatufunga sisi wote.”